Rispa Nekesa Wamalwa: Mshauri Aliyejifunza Kusimamisha Cherehani

Ijumaa ya tarehe 27 Novemba 1998 tutakusanyika katika ukumbi wa Kituo cha Jirani Mwema, Makadara, kumuaga Bi. Rispa Nekesa Wamalwa. Anastaafu rasmi mwisho wa mwezi huu baada ya kukitumikia kituo kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa Januari 1972 kuwa mwalimu wa ushonaji. Anaondoka akiwa Mkuu wa Idara ya Ushauri Nasaha, mwenye stashahada ya saikolojia ya ushauri, na mwanzilishi wa kozi ambayo mwaka huu imetoa wahitimu wake wa kwanza. Kati ya kazi aliyoanza nayo na hii anayoiacha pana safari ndefu, nayo ndiyo nitakayoieleza.

Wengi wetu tunamjua kama Mama Ryan, kwa jina la kitinda mimba wake, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Aliposikia kwamba nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, alikuja hadi kwenye chumba cha vitabu, akasimama mlangoni na kunipa sharti.

"Mzee Aweys, usiniandikie sifa tupu kama za matanga. Habari ya Wayua iwemo. Lakini Wayua mwenyewe asome kwanza."

Nikampelekea Wayua. Alisoma yote akiwa amesimama, akafuta sentensi mbili, akanirudishia. "Sasa piga chapa," alisema. Sentensi hizo mbili hazimo, na msiniulize zilikuwa zinasema nini.

Mama Ryan alizaliwa mwaka 1943 karibu na Kimilili. Alikuja Nairobi mwaka 1964 kumfuata mumewe, Mzee Wamalwa, aliyekuwa fundi wa mabehewa katika reli, wakapewa nyumba Makongeni. Mzee Wamalwa hupenda kusimulia kwamba alioa msichana mnyamavu. Wanaoifahamu familia hiyo husema ama mzee amesahau, ama siku hizo alikuwa harudi nyumbani mara kwa mara. Mama Ryan alikuwa na maoni juu ya kila jambo: namna ya kupika mrenda, namna ya kumlea kifungua mimba, kwaya ipi ivae rangi gani. Sare za kwaya kadhaa za Makongeni na Mbotela zilitoka kwenye cherehani yake, na sijasikia kwaya hata moja iliyowahi kujichagulia rangi yenyewe.

Kituo kilipofungua darasa la ushonaji kwa akina mama, yeye ndiye aliyeajiriwa kulifundisha. Darasa lilikuwa mwisho wa ukumbi, kwenye chumba chenye dirisha moja linaloangalia uwanja. Humo wanawake walijifunza kukata, kupiga pindo na kutia vifungo, na mikono ilipokuwa ikifanya kazi, midomo nayo ilifunguka. Mume amehamishiwa Kisumu na haleti habari. Mtoto hajarudi tangu Jumamosi. Mama mkwe alisema amekuja kwa wiki moja, na huu ni mwezi wa tatu. Mama Ryan aliyasikia yote hayo akiwa ameuma pini, na husema kwamba hapo ndipo alipopewa sifa ya msikilizaji mzuri kabla ya kuistahili. "Ningesemaje," huuliza, "na pini zimejaa mdomoni?"

Mwaka 1984 uongozi ulimpunguzia vipindi vya ushonaji na kumpa kazi ya kuwasikiliza watu wenye shida. Cheo kilikuwa Msaidizi wa Ustawi wa Jamii. Mafunzo hayakuwapo. Chumba kilikuwa kilekile, na cherehani ilibaki humo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Kutokana na cherehani hiyo ulizaliwa utaratibu ambao wafanyakazi wapya huuona wa ajabu mpaka waelezwe. Katika mitaa yetu mtu hawezi kuingia kwa mshauri bila kuonekana. Uwanja una watoto, bomba la maji lina foleni, na jirani aliye dirishani ana muda wa kutosha. Katika miaka hii ambayo ugonjwa umeingia karibu kila ploti ya nyumba zetu za kupanga na hakuna anayetaka kuutaja, kuonekana tu ukitoka kwenye mlango wa mshauri kunatosha watu kukumalizia habari yako. Lakini hakuna anayeshangaa mtu akipeleka nguo kwa fundi. Basi wateja wa Mama Ryan wakaanza kuja na nguo mkononi: sketi iliyofumuka pindo, shati lisilo na kifungo, foronya. Hakuna aliyewaagiza. Mmoja alianza, wengine wakaona inafaa. Bwana Nabiswa, mlinzi wetu wa lango, alipewa maagizo mafupi: mwenye nguo apite, asiulizwe.

Na hakuuliza, isipokuwa siku moja. Wakati watu walipoanza kupunguzwa kazi viwandani na maofisini, suruali ziliongezeka. Wanaume wenye familia, ambao hawajawahi kushika sindano maishani, walipita langoni na suruali zimekunjwa kwapani, wakitazama chini.

"Mama Ryan," Bwana Nabiswa alimwambia, "wanaume wa Jogoo Road wana nini siku hizi? Suruali zote zimechanika pamoja?"

"Zimechanika, baba. Wewe waache wapite."

Wayua alipita kwenye lango hilo mwanzoni mwa mwaka 1992 akiwa na gauni la mtoto. Alikuwa karani wa kupiga taipu kwa mawakili karibu na mahakama ya Makadara, na mumewe, Muindi, alikuwa mchonga vinyago. Alimwambia Mama Ryan jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote: kwamba mumewe alikuwa akimpiga, na kwamba shule zikifungwa alikusudia kumchukua binti yao, Kavinya, wahamie kwa dadake Buruburu. Hakutaka kuamuliwa. Alitaka mtu wa kuwaza naye kwa sauti.

Mama Ryan alifanya alichofundishwa na shangazi zake. Kwao, na hata huko nilikotoka mimi, ndoa ikiyumba wazee huitwa. Hilo halihesabiwi kuwa ni kutoa siri. Linahesabiwa kuwa ni kuokoa nyumba. Akaenda kwa mjomba wa Muindi, mzee wa kanisa anayeheshimiwa, akamsihi awaite wale vijana awapatanishe. Alienda kwa nia safi, akarudi ameridhika, akashona gauni la Kavinya bila malipo.

Kabla ya wiki kwisha ploti nzima ilikuwa na habari. Mama mkwe alifika kutoka Kangundo, akamchukua Kavinya, akakaa naye huko miaka miwili. Mpango wa Buruburu ukavunjika kabla haujaanza.

Katika miaka minne iliyofuata Wayua alikuja kituoni mara moja tu, na siku hiyo hakubeba nguo. Alisimama kwenye mlango wa chumba, watu wa foleni ya maji wakimwona.

"Mama Ryan, mimi sikukuomba mzee," alisema. "Nilikuomba masikio."

Kisha akaondoka.

Mama Ryan hajawahi kujitetea kwa jambo hilo. Alimwendea Wayua nyumbani kuomba radhi, mlango haukufunguliwa. Alienda tena, haukufunguliwa. Safari iliyofuata jirani alimwonea huruma: "Mama, wewe enda upumzike. Huyo hafungui." Ndipo alipokuja kwenye chumba cha vitabu, ambako nilikuwa nimeanza kazi si muda mrefu, akauliza kama tuna kitabu chochote kinachoeleza mshauri anatakiwa kufanya nini. Tulikuwa na viwili, vyote vya Kiingereza, kimoja kimetoka jalada. Alivichukua vyote viwili. Siku alipovirudisha hakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Alikaa kwanza.

"Mzee Aweys," alisema, "humu kuna kazi nzima. Mimi nilidhani ni tabia tu."

Ningependa vijana wanaofikiria kuingia katika kazi hii wayasome maneno hayo mara mbili. Wengi hutujia wakisema wana moyo wa kusaidia watu, na ni kweli wanao. Mama Ryan alikuwa nao tele, na kwa moyo huohuo mtoto alikaa mbali na mamake miaka miwili. Saikolojia ilimwonyesha kwamba moyo nao unahitaji kufundishwa: wakati wa kusogea, wakati wa kukaa, na siri ya mtu ni mali ya nani.

Akiwa na miaka hamsini kasoro moja, alijiandikisha kwa cheti cha ushauri katika chuo kimoja mjini, masomo ya jioni. Cheti cha kidato cha nne alikuwa nacho. Alikipata miaka ya sabini kwa kusoma baada ya kazi, na wengi wetu hatukujua. Cheti cha ushauri kilimchukua mwaka mmoja. Mwaka 1994 akaingia stashahada. Humo mtu husoma jinsi binadamu anavyokua tangu uchanga hadi uzee, nadharia mbalimbali za ushauri, maadili ya kazi, na dalili za maradhi ya akili, ili ajue ni lini aseme kwamba jambo hili si langu, ni la daktari. Hufanya kazi kwa vitendo chini ya msimamizi. Na sharti moja ambalo Mama Ryan hakulitarajia: mwanafunzi mwenyewe hukaa kwenye kiti cha mteja na kushauriwa. Siku ya kwanza alianza kumuuliza mshauri wake habari za watoto wake, mpaka akakumbushwa kwa upole kwamba leo anayetakiwa kuzungumza juu ya maisha yake ni yeye. Alirudi kazini kesho yake akiwa na macho mekundu. "Kumbe inauma hivi," alisema.

Takwimu zilimtesa. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana wa rika la wanawe, na walimzunguka wakati wa mapumziko kama kuku na vifaranga, ila hapa vifaranga ndivyo vilivyofundisha.

"Mathe, hii hesabu ni rahisi, manze. Unaiogopa bure."

"Na wewe mbona unaogopa mtu akilia?" alimuuliza huyo aliyesema. "Juzi yule mama alipotoa leso, wewe ulianza kuangalia saa."

Wakakubaliana. Wao walimfundisha wastani na mtawanyiko, naye akawafundisha kukaa kimya mbele ya mtu anayelia bila kuangalia saa.

Nyumbani, Mzee Wamalwa, ambaye wakati huo naye alikuwa amepunguzwa kazi, alianza kupika. Kwa mwanamume wa Makongeni hilo si jambo dogo. Jirani mmoja alipita akamkuta anasonga ugali mlango ukiwa wazi.

"Wamalwa! Kumbe siku hizi wewe ndiye Mama Ryan?"

"Mama Ryan yuko shule," mzee alijibu bila kuacha mwiko. "Unakula ama unaenda?"

Jirani alikula. Baadaye akaleta mkewe aulize habari za masomo hayo.

Wakati huohuo kituo kilipata barua ya wafadhili iliyotuondolea usingizi. Ushauri nasaha, walisema, umekuwa taaluma, na hawataendelea kugharamia idara isiyo na mtu mwenye stashahada. Muda ulikuwa hadi mwisho wa mwaka 1996. Muda ukifika na hakuna mwenye stashahada, chumba cha mwisho wa ukumbi kingerudi kuwa cha ushonaji peke yake. Wafadhili hawakukosea, Mama Ryan mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo mbele ya mkurugenzi wetu, Bwana Opicho. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi pekee kati yetu. Akianguka, watu wote wale wenye foronya na suruali wasingekuwa na pa kwenda.

Aliyemfundisha na baadaye kumtahini alikuwa Daktari Triza Amimo, mwanasaikolojia mwenye sauti ya chini na jicho kali. Alikuja kituoni kuona chumba, na akamtazama Mama Ryan akifanya mazoezi na mwanafunzi mwenzake. Walipomaliza alikuwa na neno moja tu.

"Mama Rispa, ukiogopa, unashona."

Mama Ryan alikasirika. Akaeleza habari ya nguo, foleni ya maji, na jinsi mteja anavyopata nafuu asipotazamwa usoni.

"Hayo yote nakubali," Daktari Triza alisema. "Cherehani ibaki. Mimi nasema juu ya mguu wako. Yule kijana alipomtaja mama yake marehemu, mguu wako ulianza kukanyaga wenyewe. Ukasema, 'pole, Mungu yupo,' ukashona mpaka akanyamaza."

Mama Ryan aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakufikiria habari ya yule kijana hata kidogo. Alimfikiria Wayua. Alikuwa ameamini kwamba kosa lake lilikuwa kwenda kwa mzee wa kanisa. Sasa aliona kwamba lilianza mapema zaidi, pale alipokuwa ameketi: alibebeshwa jambo zito, hakuweza kukaa nalo, akatafuta la kufanya kwa haraka. Kumkimbilia mzee na kukanyaga cherehani kulitoka mahali pamoja. Tangu siku hiyo alianza mazoezi ambayo yangechekesha mtu asiyejua kinachoendelea. Mtu akianza kuzungumza jambo lenye uchungu, Mama Ryan alivua kiatu cha mguu wa kulia na kuuweka mguu mtupu sakafuni, kwenye saruji baridi, ili ausikie.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulipangwa Oktoba 1996. Mwanafunzi alitakiwa kukaa na mteja wa kweli, mwenye jambo la kweli, huku mtahini akiwa chumbani, na mteja awe amekubali kwa hiari yake. Hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Mama Ryan alizungumza na wateja wake, mmoja baada ya mwingine, nao wakamkatalia kwa heshima zote.

"Wewe nakuamini, Mama Ryan. Huyo daktari simjui."

Kazini tulijaribu kusaidia. Bwana Opicho alisema yuko tayari kuketi yeye, lakini alipoulizwa ana shida gani akasema hana. Bwana Nabiswa alijitolea kuigiza mlevi aliyefukuzwa na mkewe, na akatuonyesha pale pale langoni jinsi atakavyolia. Alilia vizuri mno hata mwanamke aliyekuwa akichota maji akaweka ndoo chini kuja kumtuliza.

"Nabiswa, asante," Mama Ryan alisema akicheka, "lakini sitaki mchezo. Nikipita kwa mchezo, nitakuwa nimepita nini?"

Daktari Triza alisema mtihani unaweza kusogezwa hadi mwaka unaofuata. Kwake lilikuwa jambo la wema. Kwetu lilimaanisha idara imekwisha.

Siku chache kabla ya tarehe, asubuhi, Wayua aliingia kwa lango. Alikuwa amempata Kavinya tena mwaka 1994, kwa juhudi zake mwenyewe na bila msaada wetu, na sasa wawili hao walikuwa wakiishi Buruburu. Habari za mtihani zilimfikia kama habari zote zinavyomfikia kila mtu hapa. Mkononi alikuwa na gauni la mtoto, kubwa kuliko lile la kwanza. Bwana Nabiswa alilitazama gauni, akamtazama mwenyewe, akafungua lango hata kabla ya kusalimiwa.

"Nimesikia unatafuta mtu," Wayua alimwambia Mama Ryan.

"Natafuta. Lakini wewe huna deni nami, mama. Mimi ndiye—"

"Sijaja kwa sababu ya deni. Nimekuja kuona kama umejifunza."

Yaliyosemwa siku ya mtihani ni ya Wayua, na hayamo humu. Ninayoweza kusema ni haya. Chumba cha vitabu kinapakana na chumba kile, na ukuta baina yake ni wa mbao. Maneno hayapiti vizuri, lakini mlio wa cherehani hupita. Kwa miaka minne nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyozoea mvua juu ya mabati: huanza, huharakisha, hutulia, huanza tena. Siku hiyo niliketi na kitabu ambacho sikukisoma, nikisubiri uanze. Haukuanza. Mara moja nilisikia sauti ya Wayua ikipanda, kisha kilio, na moyo wangu ukasema, sasa mguu utakanyaga. Hapakusikika kitu. Kimya kilikaa humo kama mgeni aliyekaribishwa, na baada ya kitambo sauti ya Wayua ikarudi, ya chini, ikaendelea.

Mlango ulipofunguliwa, Daktari Triza alitoka peke yake, akasimama penye varanda akifuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Ndani, Wayua alilitoa lile gauni kwenye mfuko na kuliweka juu ya meza ya cherehani.

"Haya," alisema. "Sasa shona."

Ndipo niliposikia mlio.

Mama Ryan alifaulu. Katika vitendo alipata alama ya juu kuliko wanafunzi wote wa mwaka wake. Katika takwimu alipita kwa kuponea chupuchupu, na ameomba jambo hilo pia liandikwe. Vijana wa darasa lake walikuja siku ya mahafali na kumbeba kutoka langoni hadi ukumbini, wakiimba, yeye akipiga kelele kwamba watamwangusha. "Mathe, umetushinda wote!" walimwambia. Mzee Wamalwa alitembea nyuma yao akiwa amebeba viatu vya mkewe, vyote viwili, kana kwamba ni kombe.

Wafadhili walibaki, na wakaongeza. Mwaka 1997, kwa jina na cheti chake, kituo kilipewa ruhusa ya kuendesha kozi ya cheti kwa watu wa mitaa hii hii: Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho, Buruburu. Wahitimu wa kwanza wamemaliza mwaka huu. Mmoja yuko katika shule ya sekondari, mmoja katika hospitali anawapokea wanaokuja kupimwa ugonjwa ule, mmoja ameajiriwa na kiwanda kule Industrial Area, jambo ambalo miaka kumi iliyopita lingechekwa. Mwingine amepata nafasi chuo kikuu kusomea shahada ya saikolojia, na Mama Ryan alishona suti aliyoivaa siku ya kujiandikisha. Wote amewafundisha mambo mengi ya vitabuni, lakini wakiulizwa wanakumbuka nini, hutaja lile la kiatu.

Tulimwomba Wayua naye ajiunge na kozi. Alitucheka. "Shida za watu nitaziweka wapi? Zangu zinanitosha." Lakini mara kwa mara hupita kituoni na nguo, na mimi sihesabu ni kwa fundi ama kwa mshauri.

Mama Ryan sasa anahamia Kimilili, ambako Mzee Wamalwa ametangulia kutengeneza paa. Shule mbili za jirani zimekwisha kumwomba awe akifika kuzungumza na wanafunzi, na ninavyomjua, kabla ya Krismasi atakuwa ameziambia zivae rangi gani. Cherehani anatuachia. Amesema ibaki palepale, na atakayeketi hapo ajue kwamba mguu unaoiendesha ndio unaoisimamisha pia.

Nimeishi mbali na kwetu kwa muda mrefu, na niliondoka kule pasipo nafasi ya kumuaga mtu yeyote. Pengine ndiyo sababu nilijali sana swali alilouliza Wayua siku aliponirudishia kurasa hizi.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Watu aliowasikiliza miaka hii yote. Wakija Ijumaa kumuaga, si mtaa mzima utajua ni kina nani?"

 Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Bwana Opicho na wafanyakazi wote, tunawatangazia: Ijumaa kila anayekuja aje na nguo mkononi. Mkurugenzi atabeba yake. Wanakwaya watabeba zao. Daktari Triza ameahidi kuleta koti lililofumuka kwapa. Wageni wa heshima, walimu, majirani wa foleni ya maji, waliowahi kuingia chumba kile na wasiowahi, wote tutapita kwenye lango moja na nguo zetu, na Bwana Nabiswa hatamuuliza mtu yeyote. Ndani mtapata nafasi ya kumshika mkono na kumwambia mnalotaka, naye atajua ni nani kati yenu aliyewahi kuketi mbele yake, na mwingine hatajua.

Mama Ryan, asante kwa miaka ishirini na sita, na asante kwa kurudi darasani wakati ambapo ungeweza kukaa tu na sifa zako. Nenda Kimilili kwa amani, upate afya, mvua kwa wakati wake, na wajukuu wenye maswali mengi. Mguu wako umefanya kazi ya kutosha. Uuweke chini, upumzike.

Aweys Dirie,
Chumba cha Vitabu, Kituo cha Jirani Mwema, Makadara